Hatukujua Kihindi, Tukazisoma Nyuso

Ukurasa wa Bibi Fundi: maswali yenu juu ya sinema za zamani

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu filamu za Kihindi, basi nimewajibu hao, pamoja na kijana mmoja aliyenichokoza kwa Chaplin. Kwa msomaji mgeni: mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa opareta wa sinema mjini, na kwa ajili yake nilianza kuingia bila tiketi nikiwa na miaka minane. Kihindi sikukijua. Maandishi ya chini ya picha, yalipokuwapo, yalikuwa ya Kiingereza, nacho sikukijua. Ninachokijua juu ya uigizaji nimekipata kwa macho tu, na kwa macho hayohayo nawajibu.

*Shikamoo Bibi. Mimi na mke wangu tulikaa kuitazama Mother India kwa jinsi ulivyoisifu. Ikatushinda kabla ya nusu. Wanalia mno, wanatoa macho, kila kitu kimezidi. Tunakosa nini? Msomaji, Mwanza.*

Marahaba, baba. Ahsante kwa kunena kweli, maana wengi huniandikia kunifurahisha.

Mmeanza na kilio, na kwa Nargis, aliyeigiza yule mama, kilio ndicho kitu cha mwisho cha kuangalia. Rudini mwanzo kabisa. Bibi kizee yuko shambani, kashika bonge la udongo, analileta usoni. Hasemi neno. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1957 na Nargis alikuwa na miaka 28. Nywele nyeupe hupakwa mtu yeyote. Uzee wenyewe yeye kautia shingoni na mabegani. Watu wanakuja kumtaka akafungue mfereji wa maji wa kijiji, hataki, na kile kichwa kinachelewa kidogo kugeuka, kwa sababu bega limetangulia kuchoka. Nimepima mabega ya wanawake kwa futi zaidi ya miaka hamsini. Najua bega la mtu aliyechukua kuni na maji tangu utoto linavyoshuka upande mmoja, hata gauni lazima ulikate kwa kulifuata. Huyu alikuwa msichana wa mjini, nyota wa sinema tangu angali kijana, na bega lile alilipata.

Halafu kuna deni. Mama mkwe amekopa rupia 500 kwa ajili ya harusi, hajui kusoma, na wazee wa kijiji wanaamua kwamba mkopeshaji ana haki: robo tatu ya mavuno iwe riba, na deni lenyewe libaki palepale. Ngamiani hakuna aliyehitaji kufasiriwa hapo. Kila nyumba ilikuwa na mtu ambaye jina lake limo kwenye daftari la dukani na hawezi kulisoma. Yule mkopeshaji, Sukhilala, aliigizwa na Kanhaiyalal, na si mara yake ya kwanza: mwongozaji Mehboob Khan alikwisha kukitengeneza kisa hikihiki mwaka 1940, kwa jina la Aurat, na mkopeshaji alikuwa Kanhaiyalal huyohuyo. Miaka 17 baadaye akarudi kwenye nafasi ileile. Tazameni anavyojikunyata kwa unyenyekevu mbele ya mtu anayemnyang'anya. Hapigi kelele. Mtu wa kuogopwa ndiye huyo.

Sasa nendeni baada ya mafuriko. Mazao yamekwenda, watoto wana njaa, mume keshaondoka, na Radha, yule mama wa Nargis, anakwenda kwa Sukhilala akiwa amejaa matope toka utosini, akijua atakachotakiwa alipe. Matope yameufunika uso, yamebaki macho mawili. Kwetu ukumbini wanawake walianza kusema naye. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa akirudia kwa sauti ndogo, "Rudi mwanangu, rudi nyumbani." Na Nargis, ndani ya matope yale, haombi huruma. Anaona aibu na hasira kwa wakati mmoja, na vyote viwili unaviona vikipishana machoni. Ikiwa hapo pia mtaona kumezidi, nitanyamaza.

Saa tatu kasoro kidogo ni nyingi kwa mpigo mmoja, nakubali. Sisi tulikuwa na mapumziko katikati, tukatoka nje kununua karanga. Nanyi fanyeni vivyo hivyo.

*Bibi, eti Nargis na yule aliyeigiza mwanawe walioana kweli? Mama yangu anasema, mimi sisadiki. Binti wa Mombasa.*

Mama yako kasema kweli, mwanangu. Aliyemwigiza Birju, yule mwana, ni Sunil Dutt, na yeye na Nargis wamezaliwa mwaka mmoja, 1929. Wakati wa kupiga sehemu ya moto wa mabua, ukawaka kupita kiasi, Nargis akazingirwa, na Sunil Dutt akaingia kumtoa. Akaungua, na Nargis akamuuguza. Wakafunga ndoa Machi 1958. Ukijua hivyo, kisha ukatazama mwisho wa filamu, pale mama anapomwelekezea mwanawe bunduki, hutaona kijana na msichana wa rika moja. Nimejaribu mara nyingi kuwaona hivyo nikashindwa.

*Assalaam aleikum dada yangu. Toleo lililopita uliandika kwamba Mughal-e-Azam ilikuwa ya rangi tupu. Sivyo. Nimeiona ilipotoka. Mzee wa Maskati.*

Waaleikum salaam, kaka. Umenisahihisha kwa haki na ninawaomba radhi wasomaji. Filamu ya K. Asif ilipotoka mwaka 1960 ilikuwa nyeusi na nyeupe kwa sehemu kubwa, na rangi iliwekwa mahali pachache, hasa kwenye ule wimbo wa ukumbi wa vioo. Iliyo ya rangi yote ni ile iliyopakwa baadaye, mwaka 2004.

Nimekaa na barua yako nikijiuliza kosa lilinitoka wapi. Nadhani wimbo ule mmoja ulipaka rangi filamu yangu yote. Madhubala anacheza mbele ya mfalme Akbar, anamwimbia usoni kwamba aliyependa hana sababu ya kuogopa, na mfalme akiinua macho anamwona yeye yule kwenye kila kipande cha kioo darini, mamia ya Madhubala, hana pa kuyakimbizia macho. Akbar ni Prithviraj Kapoor. Tazama taya lake. Hasemi, anatafuna hasira.

Na kwa kuwa umenifikisha hapo: ile minyororo aliyofungwa Madhubala gerezani ilikuwa chuma kweli, mizito, ikamchubua. Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Alifariki Februari 1969, hajafika hata miaka 37. Wakati tunaitazama hatukuwa na habari hiyo. Tuliona tu kwamba anapojinyanyua, mkono unatangulia kukata tamaa, kisha yeye anaufuata. Nilidhani ni ufundi. Ulikuwa ufundi, na ulikuwa mwili wake pia, na mpaka leo siwezi kuvitenganisha.

*Bibi shikamoo. Je, waliimba wenyewe? Mwanafunzi, Dar es Salaam.*

Marahaba. La, takriban wote hawakuimba. Sauti ya mwigizaji Raj Kapoor katika nyimbo zake zilizopendwa sana ni ya mwimbaji Mukesh. Za wanawake, kwa miaka mingi, ni za Lata Mangeshkar, na Mohammed Rafi aliwaimbia wanaume wengi mno. Wimbo ulirekodiwa kwanza, kisha ukapigwa mahali pa kuigizia na mwigizaji akafuatisha midomo.

Wenzako wa siku hizi husikia hivyo wakasema basi ni udanganyifu. Mjukuu wangu, midomo ni kazi ndogo. Angalia koo na kifua. Mwimbaji anavuta pumzi kabla ya mstari mrefu, na mwigizaji asiyejua kazi yake husahau pumzi ile, midomo ikafunguka na kifua kimelala. Nargis hakuisahau hata mara moja. Utaona mshipa wa shingo unakaza kabla sauti ya Lata haijapanda.

Mwigizaji Dilip Kumar alikwenda mbali zaidi. Kwenye Kohinoor ya mwaka 1960 alitakiwa aonekane akipiga sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi. Wangeweza kupiga picha vidole vya mtu mwingine. Alikataa, akajifunza sitari yenyewe. Ukiitazama, usisikilize kwa dakika moja, vitazame vidole vya mkono wa kushoto vinavyovuta waya pembeni. Mkono wa mtu aliyejifunza hautafuti mahali pa kushika. Naona hivyohivyo kwenye cherehani: mwanagenzi huangalia sindano, fundi huangalia kitambaa.

Muziki wenyewe ulivuka bahari ukakaa. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatilia mashairi ya Kiswahili, na harusini kwetu watu waliimba maneno yake bila kukumbuka wimbo ulianzia wapi.

*Bibi Fundi, kwa heshima zote, Raj Kapoor alimwiga Charlie Chaplin tu. Suruali, kofia, mwendo. Kwa nini tumsifu mwigaji? Msomaji, Nairobi.*

Ulichosema juu ya nguo ni sahihi, na nguo ndizo kazi yangu, kwa hiyo tuanze nazo. Suruali imekunjwa juu ya vifundo, koti halikukatwa kwa mwili wake. Raj Kapoor hakuficha alikoitoa. Lakini mshono ukiuchukua kwa mwenzio, bado mwili wa kuuvaa ni wako.

Chaplin nampenda kuliko unavyodhani. City Lights ya mwaka 1931, wakati filamu za kusema zilikwisha kuenea na yeye akashikilia kimya chake. Msichana muuza maua alikuwa kipofu, sasa anaona, na anamhurumia maskini aliye mbele ya duka lake bila kujua kuwa ndiye aliyemsaidia. Anamtia sarafu kiganjani, na vidole vyake vinamtambua kabla ya macho. Mkono unapanda polepole kwenye koti. Chaplin kaweka ua mdomoni, anatabasamu kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Sijaona kitu kizuri zaidi kwenye kitambaa cheupe, na nimeona vingi.

Sasa njoo Awaara ya mwaka 1951. Jaji anaamini mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Amemfukuza mkewe akiwa na mimba, mtoto amekulia mitaani, amekuwa mwizi kweli, na sasa yuko kizimbani kwa kutaka kumuua jaji huyohuyo, baba yake. Rita, wakili, ni Nargis, na anamsimamisha jaji na kumhoji. Jaji ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor. Yule mwizi anapoonyeshwa utotoni ni Shashi, mdogo wake Raj wa tumbo moja. Hata babu yao mzaa baba yumo, kaigiza jaji mwingine. Raj alikuwa na miaka 26 tu wakati filamu inakamilika, na ndiye aliyeiongoza: alimsimamisha babake mbele ya kamera akamwambia simama hapa, tazama kule.

Mtazame kizimbani wakati baba anahojiwa. Mizaha ya mtaani imekwisha, kofia hana, mwendo wa Chaplin hauna nafasi kwenye kizimba. Umebaki uso wa mtoto anayetaka kuitwa mwana. Hilo hakuliiga kwa mtu.

*Bibi, kwenye nakala za filamu za zamani naona kitobo cheupe au doa la mviringo linapita haraka pembeni juu, kulia. Ni uchafu? Msomaji, Kigoma.*

Umenipeleka chumba cha mashine, mwanangu, na huko nina maneno.

Si uchafu. Ni alama ya opareta. Filamu haikuja kwa mkanda mmoja, ilikuja vipande vipande kwenye makopo ya bati, na kipande kirefu hakizidi sana dakika 20. Chumbani kulikuwa na mashine mbili. Moja inaonyesha, nyingine imekwisha kupakiwa kipande kinachofuata. Doa la kwanza likitokea, opareta anawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde chache, kama saba hivi, doa la pili, naye anafunga mwanga huku na kuufungua kule. Akifanya vizuri, ukumbini hakuna anayejua.

Mwanga ulikuwa wa makaa: vijiti viwili vya kaboni, umeme unaruka baina yake, na mwanga unatoka mweupe wa kuumiza, unautazama kupitia kioo cheusi tu. Vijiti vinaliwa vikiwaka, kwa hiyo lazima visogezwe muda wote, la sivyo picha inageuka njano kisha inafifia. Mjomba alikuwa na mikono iliyonuka moto. Fulana tu ndiyo aliyoweza kuvaa mle, kwa joto.

Siku moja, nina miaka kama kumi na miwili, aliniweka kwenye kidirisha niangalie doa, yeye akihangaika na makaa ya mashine ya pili. Ilikuwa Awaara. Nargis yuko karibu kabisa, uso umejaa kitambaa kizima, na mie nikatazama uso. Doa la kwanza likapita. La pili likapita. Kitambaa kikabaki cheupe na ukumbi mzima ukapiga mbinja na kugonga viti. Mjomba hakunigombeza. Alibadilisha mashine, akafuta jasho, akaniuliza, "Alikuwa anafanya nini?" Nikamwambia alikuwa hafanyi kitu, alikuwa anafikiri. Akasema yeye filamu ile kaionyesha siku tisa na hajawahi kumwona, maana macho yake huwa pembeni juu, kulia.

*Shikamoo Bibi. Kwenye Sholay, nani kaigiza vizuri kuliko wote? Kijiweni kwetu tunasema Gabbar, hakuna mjadala. Msomaji, Morogoro.*

Marahaba. Amjad Khan, aliyemwigiza yule jambazi Gabbar, alifanya kazi kubwa, na ndiyo iliyomtambulisha. Lakini mjadala upo.

Sholay ilitoka Agosti 1975. Ilipofika kwetu vijana waliingia na sheria yao ya siku zote, kwamba steringi hafi. Amitabh Bachchan, mmoja wa masteringi wawili, akafa. Nimeona wanaume wazima wamebaki vitini taa zimewaka, wanasubiri afufuke. Na kabla ya hapo kuna jambo walilolipita haraka: Amitabh amekaa barazani usiku na kinanda cha mdomo, na Jaya Bhaduri, mjane, anapita ng'ambo kuzima taa moja baada ya moja. Hawasemezani. Ile ya mwisho anachelewa kuizima.

Wangu mimi ni Sanjeev Kumar, yule Thakur, bwana wa kijiji. Amejifunika shali kuanzia mabegani, na mie nilishtuka kama fundi kabla ya kushtuka kama mtazamaji. Shali huteleza. Kila mwenye shali hulirudisha kwa mkono, mara kumi kwa saa, bila kujua. Huyu hakulirudisha hata mara moja. Majambazi wanapokishambulia kijiji bunduki imelala miguuni pake, haiinui, na wale vijana wawili aliowakodi wanamkasirikia. Ndipo anawasimulia Gabbar alivyomkata mikono yote miwili, upepo unaliangusha shali, na mikono ya kanzu inaning'inia mitupu.

Rudi mwanzo umtazame tena. Anageuka kwa kifua. Anaamuru kwa kidevu. Hasira zote ambazo mtu mwingine angezimaliza kwa ngumi, yeye hana pa kuzipeleka ila machoni, na pale ndipo zinakaa filamu nzima. Alikuwa na miaka 37, anaigiza mtu mwenye mvi. Mikono tunayo sote na hatujui inatufanyia kazi gani mpaka mtu atuonyeshe uigizaji usiokuwa nayo. Waambie wa kijiweni waitazame upya, kisha mniandikie.

*Bibi, nyanya yangu alikuwa mpenzi wa sinema ujanani, sasa masikio yamekwisha kabisa. Tukiwasha runinga anakaa nasi lakini tunamwona amejitenga, na mimi nikijaribu kumwandikia kwenye karatasi kinachosemwa anakasirika. Nimtafutie nini? Mjukuu, Chake Chake.*

Acha karatasi, mwanangu. Anakasirika kwa sababu ukimpa karatasi anainamisha kichwa, na akiinamisha kichwa uso aliokuwa akiutazama umekwisha kupita.

Mtafutie Awaara. Mkalishe karibu, dirisha lisiwe mbele yake wala nyuma ya runinga. Halafu zima sauti. Usiipunguze, izime, na wote mliomo chumbani mtazame hivyohivyo, hata watoto. Mkifika mahakamani, Rita anaposimama kumhoji jaji, msimamishe filamu mumuulize nyanya nini kimetokea. Mwache aseme yote. Anayo miaka mingi ya kutazama kuliko ninyi, na nina hakika ataona jambo ambalo hata mie limenipita. Likiwa hivyo, liandike kama alivyolisema, kwa maneno yake, uniletee.